Mafuta ya chipsi kuendesha lori: ukweli ni upi, na hatari iko wapi

Novemba 2023 ndege ya Virgin Atlantic iliruka kutoka London hadi New York bila kutumia hata tone la mafuta ya kawaida ya ndege. Sehemu kubwa ya kilichowaka kwenye injini zake ilitokana na mafuta ya kupikia yaliyokwisha tumika pamoja na mabaki mengine ya mafuta. Tangu habari za namna hiyo zianze kusambaa, simu zetu zimejaa video za mtu anayechota mafuta meusi kwenye karai la chipsi na kuyamimina kwenye tangi la lori. Lori linawaka, watu wanashangilia.

Kwenye vijiwe vya Mwanga na Kibirizi hapa Kigoma mjadala unagawanyika. Wapo wanaosema ni uongo mtupu. Wapo wanaosema Kigoma, kwa michikichi iliyojaa huku, haikupaswa kununua dizeli kabisa. Na wapo wanaouliza moja kwa moja: dumu la mafuta machafu ni bei gani, na nani ananunua? Kila upande una kipande cha ukweli. Ila kila upande unaweza pia kumtia mtu hasara, kuanzia injini iliyokufa hadi macho yaliyopofuka, ndiyo maana jambo hili linastahili kuelezwa polepole.

Tuanze na majina, kwa sababu vitu vitatu tofauti vinachanganywa kana kwamba ni kimoja.

Cha kwanza ni mafuta yaliyotumika yenyewe, yaani yale yanayobaki baada ya kukaanga chipsi, samaki, maandazi au kuku. Hayo bado ni mafuta ya kula yaliyochoka, si dizeli. Cha pili ni biodizeli: mafuta ya mimea au ya wanyama yaliyobadilishwa kikemia hadi yakawa kimiminika chepesi ambacho injini ya dizeli inaweza kukimeza. Cha tatu ni mafuta ya ndege kama yale ya London. Hayo hupatikana kwa kuyapitisha mafuta kwenye gesi ya hidrojeni, kwa joto na mgandamizo mkubwa, ndani ya mtambo unaofanana na wa kusafishia mafuta ghafi. Hakuna mtu atakayefanya kazi hiyo uani kwake, kwa hiyo mafuta ya ndege tunayaweka kando. Makala hii inahusu cha pili, biodizeli.

Kwa nini usimimine tu

Video za lori huenda ni za kweli, na hapo ndipo zinapopotosha. Injini ya dizeli haina plagi. Inagandamiza hewa hadi inakuwa ya moto sana, kisha nozo inapulizia mafuta ndani kwa umbo la ukungu, nayo yanawaka yenyewe. Kwa utaratibu huo karibu mafuta yoyote yatawaka, angalau kwa muda. Kwenye maonyesho makubwa ya Paris mwaka 1900, injini ndogo ya aina iliyobuniwa na Mjerumani Rudolf Diesel iliendeshwa kwa mafuta ya karanga, na inasemekana watazamaji wengi hawakugundua tofauti.

Taabu huja baadaye. Mafuta ya kula ni mazito kuliko dizeli karibu mara kumi. Nozo inashindwa kuyageuza ukungu, inatoa matone. Matone hayaungui yakaisha, bali huacha masizi magumu kwenye ncha ya nozo, ringi za pistoni hunata, na mafuta mabichi hupenya chini na kuifanya oili ya injini iwe nzito kama uji. Mashine ya kusaga kijijini inaweza kufanya kazi hivyo siku kadhaa na mwenye mashine akaamini amepata mkombozi. Fundi akiifungua baadaye, ndipo gharama inapojulikana. Anayepiga video siku ya kwanza hayupo siku hiyo.

Kwa hiyo kazi yote ya kutengeneza biodizeli ni kazi ya kuyapunguza mafuta uzito, na inafanyika kwenye chembe yenyewe ya mafuta.

Chembe moja ya mafuta ya kula, yawe ya mawese, alizeti au karanga, imeundwa na kiini kimoja cha gliserini kilichoshikana na minyororo mitatu mirefu inayoitwa asidi za mafuta. Ichukulie kama kichwa kimoja cha treni kilichoingia stesheni ya Kigoma kikiwa kimefungiwa mabehewa matatu marefu. Msafara huo ni mzito na mgumu kugeuka. Sasa vinaletwa vichwa vitatu vidogo: hiyo ndiyo methanoli, aina ya alkoholi ya viwandani. Anakuja pia mfanyakazi wa reli wa kufungua na kufunga viungo: huyo ni kostiki, ile ile ya sabuni. Anafungua behewa la kwanza na kulifungia kichwa kidogo, halafu la pili, halafu la tatu. Yeye mwenyewe hasafiri na treni yoyote. Mwishowe zinaondoka treni tatu fupi zinazopita popote, na kichwa kikubwa kinabaki peke yake relini. Treni fupi ni biodizeli. Kichwa kilichobaki ni gliserini, ambayo kwa kuwa ni nzito hushuka na kukaa chini ya chombo.

Kwa vipimo vya kawaida, lita 100 za mafuta huhitaji takriban lita 20 za methanoli. Mchanganyiko hupashwa moto hadi karibu nyuzi 60 na kukorogwa kwa saa moja hivi, kisha huachwa utulie usiku mzima. Juu zinapatikana karibu lita 100 za biodizeli, chini inakaa gliserini ambayo ni kama sehemu moja ya kumi ya uzito wa mafuta yaliyoanza, ikiwa imechanganyika na mabaki mengine. Biodizeli bado haijawa tayari: huoshwa kwa maji kuondoa kostiki, sabuni na methanoli iliyobaki, halafu hukaushwa hadi iwe angavu. Anayeruka hatua ya kuosha ameharibu kazi yote, kwa sababu kostiki iliyobaki inakula pampu.

Nduguye sabuni

Watu wa Kigoma wana faida moja katika kulielewa jambo hili: wengi wetu tumeona sabuni ikitengenezwa kwa mawese au kwa mafuta ya mise, yaani kokwa za mchikichi. Mtengeneza sabuni na mtengeneza biodizeli wanaanzia mlango mmoja, mafuta na kostiki. Wa kwanza anatia maji, anapata sabuni. Wa pili anatia methanoli, na adui yake mkubwa ni hayo hayo maji.

Hapo ndipo mafuta yaliyotumika yanapokuwa magumu kuliko mapya. Samaki na mihogo huingia kwenye karai na maji yake. Maji na moto, siku baada ya siku, hukata mabehewa mengine kabla ya wakati, yakabaki yanazurura yenyewe ndani ya mafuta. Hizo huitwa asidi huru. Kostiki ikikutana nazo haifanyi kazi uliyoitumia. Inageuza asidi hizo kuwa sabuni papo hapo, na ukizidisha kostiki ili kufidia, sufuria nzima inakuwa uji wa sabuni usioweza kuchujwa. Kwa sababu hiyo mtu makini hupima kwanza kiwango cha asidi katika kila dumu, kwa sampuli ndogo, kabla ya kuamua kiasi cha kostiki. Hakuna kipimo kimoja cha kukariri. Dumu la hoteli na dumu la muuza samaki wa Katonga ni vitu viwili tofauti.

Mafuta yenye asidi nyingi mno yanahitaji hatua ya ziada kwa asidi ya salfuriki isiyo na maji. Niseme wazi kwamba asidi ya betri haifai hapo, kwa kuwa sehemu yake kubwa ni maji. Na mawese yanayokamuliwa kienyeji nayo huangukia kundi hili mara nyingi hata yakiwa mapya kabisa, kwa kuwa ngazi, yaani matunda ya mchikichi, huachwa siku kadhaa zilainike ndipo zichemshwe, na katika siku hizo asidi huru hupanda. Kwa mlaji wa mboga hilo linabadilisha ladha kidogo tu. Kwa mtengeneza biodizeli ni mtihani.

Methanoli si mchezo

Sehemu hii ningependa isomwe na kila kijana anayefikiria kujaribu nyumbani. Methanoli inaonekana kama maji na kunuka kama pombe, lakini kiasi kidogo tu kikinywewa kinaweza kupofusha, na kikizidi kidogo kinaua. Mvuke wake unaingia kwa pumzi, na maji yake hupenya ngozi. Inachemka kwenye nyuzi 65 hivi, yaani juu kidogo tu ya joto la kazi niliyoieleza, kwa hiyo sufuria iliyo wazi juu ya jiko la mkaa inajaza chumba mvuke unaoshika moto. Moto wake wenyewe ni hafifu kiasi kwamba mchana huenda usiuone hadi ukuunguze. Ukichanganya methanoli na kostiki, unapata kimiminika kinachochoma ngozi na macho.

Kazi hii inataka chombo kilichofungwa, hewa inayopita, miwani, glavu, na mtu anayejua anachofanya. Jikoni kwa mama, penye watoto, si mahali pake. Gliserini ya chini nayo hubaki na methanoli ndani yake, kwa hiyo ushauri unaozunguka kwamba uichukue moja kwa moja ukatengenezee sabuni ya kuogea ni wa hatari. Lazima kwanza methanoli iondolewe.

Wapo wanaouliza kama gongo inaweza kushika nafasi ya methanoli. Alkoholi ya kunywa, ethanoli, inaweza kweli kutumika ikiwa kavu kabisa. Gongo ina maji mengi, na tumeshaona maji yanafanya nini.

Bodaboda haimo

Kuna dhana imeenea kwamba biodizeli ni mafuta ya gari lolote. Jina lenyewe linajibu: ni ya injini za dizeli tu. Malori, matrekta, jenereta, mashine za kusaga na za kukamulia zinazotumia dizeli, hizo zinahusika. Bodaboda, bajaji za petroli na boti zetu nyingi zinazobeba injini za nje za petroli hazihusiki. Anayetia biodizeli kwenye pikipiki hatafika mbali.

Hata kwa injini za dizeli, mara nyingi huchanganywa. Ukiona alama B20, maana yake biodizeli ni asilimia 20 na iliyobaki ni dizeli ya kawaida. B100 ni tupu. Injini ya zamani yenye mipira ya asili huweza kuvuja ikitumia B100, kwani biodizeli hulainisha mipira hiyo. Pia huosha uchafu wa miaka uliokaa tangini na kuupeleka kwenye filta, kwa hiyo filta ya kwanza huziba haraka na dereva akadhani mafuta ni mabaya. Nguvu yake hupungua kidogo, kama asilimia nane hadi kumi kwa kila lita. Haipendi kukaa: baada ya miezi kama sita huanza kuharibika, hasa ikiwa na maji. Na inayotokana na mawese huanza kuwa na utando ikifika nyuzi 15 hivi. Kwa mjini Kigoma kando ya ziwa hilo si tatizo kubwa, lakini asubuhi za Juni na Julai kwenye milima ya Buhigwe au Kasulu linaweza kuwa.

Upande wa usalama wa moto biodizeli safi ina sifa nzuri, kwani haishiki moto kirahisi hata kuliko dizeli. Na kwa hesabu za Umoja wa Ulaya, iliyotokana na mafuta yaliyotumika hupunguza hewa chafu ya ukaa kwa zaidi ya asilimia 80 ikilinganishwa na dizeli, kwa kuwa hakuna shamba jipya lililolimwa wala msitu uliokatwa kwa ajili yake.

Basi tuchome mawese?

Hapa nina msimamo, na nitautetea. Hoja ya kwamba Kigoma igeuze mawese yake kuwa dizeli inavutia, hasa unapotazama bei kikomo ambazo EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, hutangaza kila mwezi na kuona jinsi umbali wetu kutoka bandari ya Dar es Salaam unavyotugharimu. Wala si wazo geni. Mwaka 1937 mwanasayansi wa Chuo Kikuu cha Brussels, G. Chavanne, alipewa hataza ya Ubelgiji kwa njia ya kugeuza mafuta ya mimea kuwa mafuta ya injini, na mwaka 1938 basi la abiria lilikuwa likisafiri kati ya Brussels na Leuven kwa mafuta yaliyotengenezwa kutokana na mawese ya Kongo, nchi ile ile ambayo milima yake tunaitazama ng'ambo ya Ziwa Tanganyika. Mchikichi uliendesha gari kabla wengi wa babu zetu hawajaona gari.

Lakini Tanzania haijitoshelezi kwa mafuta ya kula. Tunaagiza kwa wingi kutoka nje, na sehemu kubwa ni mawese ya Malaysia na Indonesia. Ndiyo sababu mwaka 2018 Serikali, Waziri Mkuu Kassim Majaliwa akiwa mbele, ililirudisha zao la michikichi mezani, na kituo cha utafiti cha TARI Kihinga hapa Kigoma kikapewa kazi ya kuzalisha mbegu bora ya Tenera. Mche huo unapandwa ili chungu kijae, na kuupeleka kwenye tangi la lori ni kuhamisha upungufu kutoka kituo cha mafuta kwenda jikoni. Indonesia inaweza kuchanganya asilimia 40 ya biodizeli ya mawese kwenye dizeli yake, kama ilivyoamua kwa mwaka 2025, kwa sababu ndiyo mzalishaji mkubwa kuliko wote duniani. Hata hivyo, mwaka 2022, bei ya mafuta ya kula ilipowaelemea wananchi wake, ililazimika kuzuia mawese yasiuzwe nje kwa wiki kadhaa, na soko la dunia likatikisika. Sisi tumewahi pia kuambiwa mibono (jatropha) itatutajirisha kwa mafuta ya injini. Mashamba makubwa yaliyoanzishwa Kisarawe na Kilwa miaka ya 2000 yaliwaachia wanavijiji ugomvi wa ardhi.

Mafuta yaliyochoka ni habari nyingine, kwa sababu hakuna anayepaswa kuyala. Yakichemshwa tena na tena huvunjika, hutoa povu, huanza kufuka moshi kwa joto dogo, na ndani yake hujengeka misombo yenye madhara. Nchi kadhaa za Ulaya zimeweka ukomo: misombo hiyo ikifika karibu robo ya mafuta yote, mafuta hayo hayatakiwi kukaanga tena. Kwetu karai nyingi huongezewa mafuta mapya juu ya yale meusi, na mafuta yanaisha kwa kuliwa. Kijana wa chipsi hafanyi hivyo kwa ubaya. Dumu la lita 20 ni mtaji wake wote. Ndiyo maana naamini faida kubwa ya biodizeli kwa mji kama wetu ni kuyapa mafuta machafu bei. Mafuta meusi yakiwa na mnunuzi, kuna sababu ya kuyatoa kwenye karai mapema.

Bei hiyo hiyo ina upande wa pili. Ulaya, ambako mafuta yaliyotumika yamewahi kuwa ghali kuliko mapya, kumekuwa na tuhuma na uchunguzi kuhusu mawese mapya yanayouzwa kwa jina la yaliyotumika. Na mnunuzi asiyeaminika anaweza kuyachuja mafuta ya hoteli, akayarudisha sokoni kwa mwenye karai dogo zaidi.

Tusidanganyane kuhusu kiasi pia. Mawese ya Kigoma kwa kiasi kikubwa huishia kwenye mboga, na mboga huliwa pamoja na mafuta yake; hakuna masalia. Masalia ni ya kukaanga tu. Tuseme mabanda 40 yanatoa lita tano kila moja kwa wiki. Hizo ni lita 200, zinazotoa biodizeli pungufu kidogo ya hapo. Lori lililosheheni linaweza kufika nazo Tabora, lisirudi. Lakini kwa mashine kadhaa za kusaga, au jenereta la zahanati, au trekta la kikundi, lita hizo zina maana. Hiki ni kipimo cha karakana moja inayosimamiwa vizuri, na anayekuja na mchoro wa kiwanda kikubwa aulizwe kwanza mafuta atayatoa wapi.

Aulizwe pia vibali. Biashara ya mafuta ya vyombo vya moto inasimamiwa na EWURA, na viwango viko chini ya TBS, shirika la viwango. Kuchanganya biodizeli kimyakimya kwenye dizeli na kuiuza ni uchakachuaji kama uchakachuaji mwingine, hata kama ulichochanganya ni kisafi.

Kwa mama lishe au mwenye banda anayetaka kuanza kuhifadhi sasa, kazi ni ndogo. Yaache mafuta yapoe, yachuje kwa kitambaa kuondoa makombo, yatie kwenye dumu kavu lenye kifuniko na uliweke kivulini. Usiyamwage mtaroni, yanaganda na kuziba, na mvua ya Kigoma hupeleka kila kitu ziwani. Usichanganye na maji ya kuoshea vyombo. Na usikubali kamwe yachanganywe na oili chafu ya gari: oili hiyo kwa kawaida inatokana na mafuta ghafi ya ardhini, haina gliserini wala asidi za mafuta za kufungua, na dumu lililochanganywa haliwezi tena kuwa biodizeli.